Ile Nyekundu Ilisikika Kutoka Ng'ambo ya Mto

Nianze na ndege, ingawa habari yangu ni ya magari mawili. Miaka ya mwanzo ya sitini nilikuwa bado mtoto. Mvua ilikataa kabisa pande zetu za Kitui, halafu ikaja yote kwa pamoja, barabara zikakatika, njaa ikabaki pale pale. Serikali ikaleta mahindi kwa ndege. Haikutua, ilipita chini chini na kuangusha magunia. Tuliisikia kabla ya kuiona. Mama alikuwa akisimamisha jiwe la kusagia, anatuambia tunyamaze, na sisi tunatega masikio kujua inapita upande gani.

Siku moja gunia likaanguka shambani kwa jirani, hatua chache tu kutoka mpaka wetu. Jirani aligawa, sitamsingizia. Alituletea debe zima akiwa amelibeba mwenyewe begani. Lakini baba yangu aliyala yale mahindi akiwa amegeukia ukuta, na kwa miaka mingi akisikia jina la yule jirani alikuwa akisema kwamba rubani wa ile ndege hakujua kupima. Wengine hurithi ng'ombe. Mimi nafikiri nilirithi kule kugeukia ukuta.

Shule niliishia darasa la pili. Naandika kama ninavyoongea, kwa hivyo nikipotea njia mnisamehe, nitarudi.

Nilipokuwa mtu mzima nilifungua duka Kwa Vonza, la misumari, mabati na saruji, na nikaoa Mbumbuni, ule upande wa Makueni. Nilioa binti wa pili. Binti wa kwanza alikuwa ameshaolewa na fundi mmoja wa magari wa pale Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Huyo fundi ndiye ninayetaka kumsema. Alikuwa mfupi, ana pengo mbele, anacheka hata akiwa chini ya lori oili ikimdondokea shingoni. Kwa kuwa mke wake ni mkubwa wa mke wangu, alikuwa akiniita bwana mdogo. Mimi nilimwita mkubwa, na kila nilipolitamka neno hilo lilinikwama kidogo.

Sasa gari. Katikati ya miaka ya sabini kulikuwa na mzungu aliyependa kushindana mbio za magari. Yake ikamfia karibu na Salama, akaiacha nyuma ya gereji ya huyu fundi, akasafiri kwao. Ilikaa hapo mpaka kuku wakataga ndani. Baadaye mzungu akaandika barua, akasema fundi aichukue iwe yake. Fundi aliitengeneza kwa miaka miwili, usiku hapana, alikuwa mtu wa kulala mapema, ila kila Jumapili akitoka kanisani.

Ilikuwa ya Kijapani, ya spoti, nyekundu. Milango miwili, viti viwili basi. Boneti yake ndefu kama ulimi wa ng'ombe anayelamba chumvi, na vioo vya pembeni vimekaa mbele huko juu ya mataa, mtu unajiuliza ataviona vipi. Usukani wa mbao. Ilikuwa na kabureta mbili, zile za kuchanganya hewa na petroli, na namna ya fundi ya kuzisawazisha sijaiona kwa fundi mwingine: alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye kabureta, ncha nyingine sikioni, anafumba macho na kusikiliza pumzi ya hii, halafu pumzi ya ile, anazungusha skrubu kidogo tu. Nilimtazama siku moja nikitamani azikosee. Hakuzikosea.

Ile gari ilinguruma. Si kelele ya kupasuka, ni mngurumo wa kifuani. Ikifika kwenye mto wa mchanga ng'ambo ya boma la wakwe zetu, inapobadilisha gia kupanda mlima, kila mtu bomani alijua ni nani.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu vijana wa siku hizi wanakaa sofa moja na mama mkwe wakitazama televisheni. Kwetu Wakamba kuna nthoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakutani njiani, hawashikani mikono, hawali pamoja. Mkiona mnaelekea kukutana, mmoja anaingia kichakani. Na mkwe akienda kule, ni lazima ajulikane angali mbali. Anakohoa, anaimba, anaita watoto. Mama apate nafasi ya kujifunga leso yake vizuri na kuingia ndani.

Fundi hakuhitaji kukohoa. Gari ilimkoholea. Akisikika mtoni, mama mkwe anawekesha chai motoni, kigoda kinatolewa, yeye mwenyewe anaingia zake ndani, na fundi akizima injini kila kitu kiko sawa. Mke wangu aliniambia kwamba mama yao alikuwa akisema yule mkwe ana adabu mpaka gari yake ina adabu. Aliniambia akicheka. Mimi nilikuwa nikifika kwa miguu kutoka stendi ya basi, nimekohoa tangu kwa jirani wa tatu mpaka kifua kinauma, na wa kunipokea ni mbwa.

Hivyo miaka ya tisini ilipoingia, na magari ya mitumba ya Kijapani yakaanza kushuka Mombasa kwa wingi, nilienda kumwona mfanyabiashara mmoja Mwislamu mjini Kitui. Familia yake ilitoka pwani zamani na ndugu yake alikuwa akiyapokea bandarini. Nikamwambia nataka ya spoti. Akaniletea moja nyeupe, ndogo, milango miwili, na kibawa mgongoni. Haikuwa gari ya tajiri. Walimu walikuwa nazo, wenye maduka kama mimi walikuwa nazo. Lakini vioo vilipanda kwa kubonyeza, usukani ulizungushwa kwa kidole, kulikuwa na baridi ya kuwasha na kuzima, na nyuma kulikuwa na kiti, kidogo lakini kiti. Kabureta haikuwepo kabisa. Na injini ilikuwa kimya. Mara mbili niliiwasha ikiwa tayari imewaka.

Nikaiendesha moja kwa moja mpaka Salama. Fundi akaizunguka, akafungua boneti, akafunga, akasema ni safi. Akapendekeza tubadilishane, kila mmoja aendeshe ya mwenzake mpaka penye daraja na kurudi. Nikaingia kwenye ile nyekundu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Klachi nzito, paja lilitetemeka. Harufu ya petroli na ngozi ya zamani. Usukani ulinipigania kwenye kila kona, na kila jiwe la barabarani lilinifikia mgongoni. Joto la injini lilikuja miguuni. Yeye na nyeupe yangu alinipita pale pale kwenye mteremko, bila kelele, akanipungia mkono. Gari yangu ndiyo iliyoshinda, mnaelewa? Ilikuwa na kasi zaidi, breki zaidi, petroli ilikula nusu. Na bado nilipofika darajani sikutaka kushuka kwenye ile yake.

Nikamuuliza ameionaje yangu. Akafikiri, alikuwa mtu wa kufikiri kwanza.

"Nzuri sana, bwana mdogo. Inaenda yenyewe. Mtu unakaa tu kama abiria."

Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo penye uchungu.

Mwaka uliofuata binti wa mwisho wa boma lile alipata mchumba, na harusi ya kanisani ikapangwa hapo Mbumbuni. Baba mkwe akatuma neno kwamba gari ya kumpeleka bibi harusi itachaguliwa na mama, kwa kuwa ndiye mtoto wake wa mwisho kuondoka. Magari ya ukoo yalikuwa mawili tu, nyekundu na nyeupe. Mke wangu aliniambia niache, ni mwendo wa kilomita mbili tu. Lakini mimi nilikuwa sitaki kitu kingine duniani. Nilitaka mara moja tu watu wa boma lile wasimame nje wakitazama cha kwangu.

Alhamisi ya kabla ya harusi nikafunga duka mapema. Niliiosha ile nyeupe kwa maji ambayo tungeyanywa siku mbili, nikaipaka nta, nikafunga utepe kwenye boneti. Nikaenda peke yangu, mke wangu alikuwa ametangulia kusaidia mapishi. Niliwaza mama mkwe aione kabla ya fundi kuja na mngurumo wake. Nilivuka mto, nikapanda mlima, gari ikinong'ona. Nilikuwa na kiburi cha ule ukimya. Sikupiga honi, honi ni ya wenye malori. Wala sikukohoa, nani anakohoa akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa?

Nikaingia bomani, nikazunguka nyumba ya jikoni ili niegeshe mahali penye jua, ing'ae. Na nyuma ya jikoni, mama mkwe alikuwa anaoga kwenye beseni.

Sitasema zaidi. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Nilifunga macho na mguu ukakanyaga breki, na zile breki nzuri zikaishika gari pale pale mbele yake. Alivuta leso kwenye kamba. Hakukimbia. Na kwa kuwa hawezi kuniambia neno mimi, alimwambia kuku aliyekuwa karibu na beseni.

"Kuku, huyu ameingia kwangu kama mwizi. Mkwe husikika akiwa mtoni."

Kisha akaingia ndani.

Baba mkwe akaniita pembeni. Hakukasirika sana, alikuwa na mambo ya harusi. Alisema nilete mbuzi wa kumwondolea mama ile aibu, na kwamba kwa desturi mbuzi huyo hawezi kuletwa na mimi, ataletwa na mkwe mkubwa. Yaani fundi. Nilimwomba iwe mtu mwingine yeyote. Akauliza nani mwingine, kwa kuwa wakwe ni wawili tu.

Fundi akaja Ijumaa. Tulimsikia. Alikuwa amemfunga mbuzi kwenye kile kiti cha pili, kichwa kimetoka dirishani, amemnunua mwenyewe bila kuniuliza. Alimfunga mlangoni kwa mama mkwe, akatuma mtoto ndani kuniombea msamaha, akarudi akicheka na pengo lake.

"Yameisha, bwana mdogo. Amesema wewe si mbaya, ni gari tu haina sauti."

Nikamuuliza kuhusu gari ya bibi harusi. Akatazama chini, na nikajua. Akasema mama ameitaka nyekundu, kwa sababu anataka akiwa ndani ya nyumba asikie mtoto wake akienda mpaka sauti iishie mtoni. Halafu, kunifariji, akasema yangu ina kiti cha nyuma na itabeba masufuria ya chakula.

Jumamosi asubuhi nilisimama pale bomani na suti yangu. Niliifungua nyeupe kwa ajili ya masufuria. Wanawake walikuwa mlangoni na bibi harusi. Kisha ikasikika kule mtoni, gia ikibadilishwa, ule mngurumo wa kifuani ukipanda mlima. Haikuwa imeonekana hata kidogo, lakini wanawake wote walianza vigelegele. Mama mkwe alikuwa ndani, na hata yeye nilimsikia kupitia dirishani akipiga chake. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mke wangu alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu ili aone barabara.

Nilitundika ufunguo kwenye kioo cha pembeni cha ile nyeupe, apate yeyote wa kubeba masufuria. Nikapita nyuma ya jikoni, penye lile beseni limefunikwa chini juu, nikashika njia ya katikati ya mikonge, ile isiyopita mtoni. Nilienda kwa miguu mpaka stendi. Mke wangu huenda kwao peke yake. Mimi sijakanyaga boma lile tena.