Nilimpiga baba mkwe X-ray, siri yake ikanitoa jasho

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mpiga picha za X-ray kwenye kliniki moja hapa Likasi, Congo. Kiswahili chetu cha Katanga kimechanganyika na Kifaransa, mtanivumilia. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, na mhusika mkuu amenipa ruhusa. Mbele mtaelewa kwa nini hiyo ruhusa ni jambo kubwa.

Mhusika ni baba mkwe wangu. Mzee wa Kikasai, mstaafu wa kiwanda cha shaba pale Shituru. Mkali, na suti imenyooka kwa pasi hata akienda kununua chumvi.

Asubuhi moja nikamkuta kwenye benchi la kliniki, kiganja kimefunika mdomo. Akanivuta pembeni, akanong'ona:

"Mukwe, nimemeza jino."

Jino la bandia, la mbele. Alikuwa anaimba kanisani, akavuta pumzi ili apandishe sauti, likaenda nayo.

Daktari akataka picha, ajue kama liko tumboni au limeingia kwenye mapafu. Nikapiga. Kiwaya cha chuma kinachoshikilia lile jino kilikuwa tumboni, kinang'aa kama kiko dukani. Daktari akasema litatoka lenyewe, tumbo likiuma arudi haraka.

Mzee akanishika mkono. "Mama yako asijue. Miaka yote anazania ni meno yangu."

Nikamwahidi. Na hata bila ahadi, wakuu, kazi yetu inabanwa na secret professionnel, yaani siri ya mgonjwa. Sheria inamwadhibu anayeitoa, na sijaona mahali inapomsamehe mtu kwa sababu ya mama mkwe.

Mtihani wa kwanza ulikuwa palepale. Mwenzangu wa mapokezi aliiona picha kwenye kompyuta, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa simu aiweke status. Jina la mzee liko juu kabisa ya picha. Nikazima skrini. Akaninunia wiki nzima, potelea mbali.

Kumbe jirani alimwona mzee akitoka kliniki, akapeleka habari nyumbani.

Na huko nyumbani mzee hali nyama, hacheki, akiulizwa kitu anatikisa kichwa tu mdomo umefungwa. Mama mkwe akajumlisha yote, jibu likawa kansa.

Akaja kwetu.

"Weye ulimupiga picha. Papa iko na nini?"

"Mama, umuulize yeye mwenyewe."

"Minye nakuuliza weye."

Sasa mimi nina tatizo moja: nikizuia kicheko, macho yanatoa machozi. Nikainamisha kichwa. Mama akayaona yale machozi, akakaa taratibu, akaanza kulia. Mke wangu naye akalia.

Nilitamani niseme tu kwamba si ugonjwa mbaya. Lakini hata hilo ni la mgonjwa. Nikanyamaza, na mke wangu akaacha kusema nami. Chakula nilikikuta mezani kimefunikwa, kimepoa.

Nikamfuata mzee. "Papa, waambie. Wanaumia." Akatikisa kichwa.

Basi ikaitwa familia. Kikundi cha maombi kikaja, shemeji za mzee wakatoka Kambove. Mzee kajifungia chumbani. Watu wakaomba kwa sauti mpaka mabati yakatikisika. Walipotulia, shemeji mmoja akauliza kwa upole kabisa habari za baiskeli ya mzee:

"Na ile velo yake, itabakia na nani?"

Mlango ukafunguka. Mzee yuko ndani ya suti.

"Velo ni yangu. Kesho naenda nayo soko."

Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo mbele ya watu. Pengo likaonekana mpaka kwa waliokaa nyuma.

Mama akalitazama lile pengo. "Jino iko wapi?"

"Iko mu njia."

Ikabidi aeleze yote. Watu walicheka mpaka kiongozi wa maombi akaomba maji. Mama hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaniacha nalia?"

"Haikuwa yangu kusema."

Akaondoka pale bila kuniaga. Nikajua hapa nimeshampoteza.

Jino lilitoka salama, mzee siku hizi anaisimulia mwenyewe kila penye harusi. Mama ndiye aliyeniweka roho juu. Hadi asubuhi moja nikamwona kliniki, peke yake, kitenge kimefunika kichwa. Akakaa kwenye benchi.

"Mukwe, nimeona weye hata watu wakilia hausemi. Na minye iko na kintu nataka waangalie. Papa asijue."

Mnaosomea radiolojia, mashine mtaizoea. Kunyamaza mbele ya watu unaowapenda ndiko kunakochosha, na ndiko kunakomfanya mgonjwa wa kesho akuamini. Mbembeleze mgonjwa aseme mwenyewe, ila mdomo ni wake.

Ningekuwa nimekosea kumwambia mama angalau "si ugonjwa mbaya"? Nisaidieni mawazo, hasa wahudumu wa afya mlio humu.

Na kabla hamjauliza mama alikutwa na nini: ameniruhusu kuandika mpaka pale alipokaa kwenye benchi.