Kivumbasi cha Mlangoni Pangu

Jamani, leo nimeona ajabu mlangoni kwangu mwenyewe.

Mavyaa, mamake mume wangu, yuko kwetu Mtopanga tangu juzi. Jana nikampikia maharage ya nazi.
Asubuhi tumbo limemjaa gesi, gumu kama ngoma. Hali, hanywi.
Nikasema nimemuua mama wa watu.

"Mama, twende hospitali."
Akanitazama. "We Mwanaidi, kile pale mlangoni si kivumbasi?"
"Ndicho, mama. Cha kufukuzia mbu."
"Haya, leo mbu wangoje. Nichumie majani uyachemshe."

Akanywa kikombe kimoja. Mimi namwangalia tu kama anapumua.
Mara akapiga mbweu, wallahi, mpaka jirani akauliza kuna nini.
Akapiga ya pili. Tumbo likalegea nikiliona kwa macho yangu.

Miaka minane nakichoma kile, kikizidi nakikata. Kumbe nimefuga tabibu.

Sasa amelala, anakoroma. Tumbo likimrudia tena, ni hospitali, sitaki mchezo.

Na nyinyi kwenu mnakinywa? Mbona hamkuniambia?

Nimemaliza kuosha vyombo, na maji machafu nimeenda kuyamwaga mbali. Pale mlangoni nilipozoea kuyamwaga, nimeona haya kummwagia tabibu wangu.