Bustani ya Wake wa Langoni

Bi Raihana binti Abdulhalim hakuwa mtu wa kubembelezeka. Waliompenda walimwita mkali, wasiompenda walimwita vivyo hivyo, na yeye aliwaitikia wote bila kinyongo. Kazi yake aliirithi kwa mamake. Alikuwa somo, yaani mwanamke anayewapamba na kuwafunda mabiarusi: awasugue singo mpaka ngozi ing'ae, awapake hina, awafukize udi, kisha awaambie yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Nusu ya wake za watu pale mtaa wa Langoni walipita mikononi mwake, na wengine, ijapokuwa sasa wana wajukuu, wakikutana naye kichochoroni bado hujitengeneza buibui kama wanaokaguliwa.

Mumewe, Nabhan, alikuwa mpole kwa kadiri yeye alivyokuwa mkali. Alikuwa na punda wa kubebea mizigo na maneno machache. Hawakujaaliwa mtoto. Majirani wakasema ukali wa Raihana umetokana na hilo, naye akawajibu kwamba alikuwa mkali kabla hajaolewa, wamuulize Nabhan, alimchukua akijua.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na gofu, nyumba ya mawe iliyoanguka zamani. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja aliyefariki bila mrithi, akaacha kauli kwamba pahala pale pawe pa sabili, watu wote wapite na wapumzike. Watu wote waliisikia kauli hiyo, wakamwombea rehema, wakaenda kutupa taka. Mifupa ya papa, nepi, chupa, magodoro yaliyooza, kila nyumba ilikuwa na mchango wake. Na mtu ukimuuliza, taka hizo zilikuwa za jirani.

Basi siku moja Raihana alikuwa akimpamba biarusi katika nyumba iliyopakana na lile jaa. Alichoma udi, akaongeza ubani, akamwaga marashi, na uvundo ukamshinda. Biarusi akawa anaziba pua kwa mkono wenye hina mbichi, akajichafua uso. Wanawake wakacheka, lakini Raihana hakucheka. Aliona haya, na haya kwake haikukaa muda mrefu kabla ya kugeuka hasira. Kesho yake asubuhi akajifunga leso kiunoni, akatoka na jembe na karai.

Wanaume waliokuwa barazani wakasema mji umepata bwana afya mpya. Aliwasikia. Alitaka wamwone, kwa hiyo alifanya kazi ile mchana kweupe.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Fairuz, jirani yake mshonaji, aliyekuja kumtania na akaishia kushika karai. Wa pili akawa Gakii, muuguzi kutoka Meru aliyepanga chumba darini kwa watu, ambaye akitoka zamu alivaa mabuti ya mvua akachimba kama analima shamba la kwao. Kisha akaja Lubna, binti wa Bwana Wazir. Alikuwa amemaliza shule na ameposwa, na hakuwa na la kufanya ila kungoja siku ya arusi. Hakuna aliyewalipa wala aliyewatuma. Taka zilikwisha, ukafuata udongo, wakaubeba kwa makarai kutoka nje ya mji. Wakapanda asumini, mirehani na mkilua, wakaupandisha mlangilangi kwenye ukuta uliosalia. Asumini ya kwanza ililiwa yote na punda. Alipogundua kwamba punda mwenyewe ni wa Nabhan, Raihana hakusema neno, ila mchana ule Nabhan alikula mkate mkavu na chai isiyo na sukari, akaelewa.

Ilipochanua, bustani ile ikawa na jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Katika mji ule mwanamume ana baraza kila kona. Ana uwanja, ana ufuo, ana kivuli cha msikiti, akae toka adhuhuri mpaka magharibi na asiulizwe. Mwanamke ana ndani, na akitoka ni lazima awe anakwenda mahali. Pale bustanini wanawake walianza kukaa. Walikaa tu, mchana, chini, juu ya mikeka, na aliyepita akawauliza wanangoja nini walimwambia hawangoji kitu. Raihana alipowaona wamekaa hivyo alifurahi mpaka akaenda kando asionekane. Alijua kwamba pahala kama pale hapakuwako pengine, na kwamba pakichukuliwa hapatapatikana tena.

Na mchukuaji hakuchelewa. Bwana Wazir, babake Lubna, alikuwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Miaka yote ya lile jaa alipita pale ameziba pua kwa kilemba. Sasa akapita na fundi, wakapima kwa hatua. Baada ya sala ya alasiri akaitisha kikao barazani, akasema kiwanja kile ni cha mtaa, na mtaa unahitaji maendeleo, na maendeleo ni ghala la mawe na saruji, na juu ya ghala vyumba vya wageni. Wanaume wakaitikia, wengine kwa kuwa walikubali, wengine kwa kuwa chai ilikuwa yake. Habari za wapandaji hazikutajwa. Mawe yangeletwa baada ya siku chache, na kazi ya kuyabeba akapewa Nabhan.

Nabhan aliileta habari nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Raihana akamuuliza kama na yeye alikuwako kikaoni. Alikuwako. Akamuuliza alisema nini. Hakusema kitu. Raihana akamtazama mumewe kwa muda mrefu, na Nabhan baadaye alisimulia kwamba afadhali angemtukana. Kisha akavaa buibui lake, akashuka ngazi, akaenda mwenyewe.

Mwanamke kwenda kusimama mbele ya baraza ya wanaume si jambo la kila siku pale Langoni. Mazungumzo yalikatika. Mmoja akajifanya anatafuta viatu. Raihana akatoa salamu, akajibiwa, akasema kwamba bibi wa watu alipaacha pale pawe sabili, na kwamba wao walipaondolea taka za nyumba zote hizi, na akataka aambiwe ni nani aliyempa Bwana Wazir.

Wazir hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu ilimfaa sana katika biashara.

"Bi Raihana," akasema, "hapa ni baraza ya waume. Pahala pa waume, wake hawaingii, na pahala pa wake, waume hawaingii. Ndivyo tulivyozawa nti hini. Rudi ndani na heshima yako."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali, maana ilikuwa kweli, na hapakuwa na wa kuikana.

Raihana akawaangalia mmoja mmoja, kama anayehesabu mashahidi.

"Umesema wewe, Bwana Wazir," akajibu. "Pahala pa wake, waume hawaingii. Na hawa wote wamesikia."

Akageuka akaenda zake. Walidhani ameshindwa.

Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja bustanini, akawakuta Fairuz, Gakii na Lubna wakimwagilia. Akawaeleza. Lubna akaona haya kwa ajili ya babake, na Raihana hakumlaumu. Kisha yule binti akasema jambo ambalo hata Raihana hakulitarajia. Arusi yake ilikuwa juma lile, na somo wake alikuwa Raihana. Akasema hina yake haitatiwa ndani. Itatiwa pale bustanini, chini ya mlangilangi alioumwagilia yeye, na arusi yote ya wanawake itakaa pale pale.

Fairuz akasema babako atakataa. Lubna akasema hatamuuliza babake, atamuuliza nyanyake.

Nyanyake alikuwa Bi Mwanamkisi, mamake Wazir, mwanamke wa nyumba kubwa, aliyekuwa hatoki ila kwa msiba. Wazir, aliyewaamuru watu wa mtaa mzima, mbele yake alizungumza kwa sauti ya chini na kumbusu mkono. Bi Mwanamkisi alipoambiwa, alitafuna tambuu yake polepole, akasema kwamba tangu kuzawa kwake hajaketi nje mchana, na kwamba akifa bila kuketi watu watamwuliza huko alikokwenda alikuwa akifanya nini duniani. Akaagiza atafutiwe mto.

Basi siku ya hina wakasimamisha boriti, wakafunga kamba, wakatandaza leso na mashuka kuzunguka bustani nzima, mpaka hata paka hakuweza kuchungulia. Ndani wanawake wakavua mabuibui, wakaachia nywele, wakaketi. Vikuba vya asumini vya kuvaa kifuani vilifungwa kwa maua ya pale pale. Lubna akalazwa juu ya mkeka, mikono na miguu imenyooshwa, na Raihana akaanza kumtia hina huku wenzake wakiimba.

Ndipo wakasikia kwato. Punda wa Nabhan walikuja msururu, shogi za mgongoni zimejaa mawe mpaka zinagusa chini, na nyuma yao Wazir na vibarua wake na baadhi ya wanaume wa barazani. Wakafika kwenye pazia, wakasimama.

Wazir akabisha hodi. Sauti ya Raihana ikatoka upande wa pili, tulivu kabisa.

"Ni wake tupu humu, Bwana Wazir, na vitwa vi wazi. Biarusi ni mwanao. Mamako yuko. Ukitaka kuingia, ingia."

Vibarua walikwisha rudi nyuma hatua kadhaa, maana hakuna kibarua aliyekodiwa kwa kazi ya namna ile. Wazir alisimama mbele ya leso iliyoanikwa kwa kamba ya mtumba, hawezi kuinua hata pindo lake. Maneno aliyoyasema barazani yalikuwa yake, na mashahidi walikuwa nyuma yake wakitazama chini. Mwishowe akasema arusi itakwisha, na pazia litashuka, na mawe hayaozi. Akaenda.

Nabhan ndiye aliyebaki na punda. Akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika kule ndani, kwamba wanyama hawawezi kusimama juani na mzigo, na kurudi nao vile vile ni dhambi. Akazifungua shogi, akayamwaga mawe yote mlangoni mwa bustani, nusu yakabingirika chini ya pazia. Kisha akawapiga punda wake kwa ufito, akaondoka akiwa na haraka ambayo hakuwa nayo siku zote. Jioni ile Raihana alimpikia samaki wa kupaka, wa nazi nzito, na hakuna aliyeeleza sababu.

Kule ndani Fairuz aliyatazama yale mawe, akamtazama Raihana. Akauliza kama si haramu kugusa mali ya mtu. Raihana akasema kuiba ni haramu, kupanga si haramu. Mtu ameacha mawe yake bustanini mwao, wao wanayatengenezea pahala pazuri yasikwaze watu, na siku akiyataka atayakuta yametimia. Akakataza saruji. Akakataza chokaa. Udongo mtupu wa kushikizia, ili jiwe litoke likivutwa kwa mkono.

Wakafanya kazi siku zote za arusi, nyuma ya pazia, huku nyimbo zikiimbwa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Gakii aliyanyanyua yale makubwa peke yake. Alipoambiwa apumzike, kwa kuwa yeye ni mgeni na ugomvi huu si wake, aliweka jiwe chini, akajifuta jasho.

"Mimi nimepanda hapa na mikono yangu," akasema. "Akitaka kuning'oa, aanze na ile asumini. Sitoki."

Lubna akaolewa, akapelekwa kwa mumewe, na asubuhi iliyofuata pazia likashushwa. Wazir alikuwa amekwisha fika na vibarua na fundi wake. Wanaume wa barazani nao walikuja, wakisema wanapita tu.

Walichokiona kilikuwa baraza. Ilianzia kwenye pembe ya ukuta ikafuata mzingo wote wa bustani, mawe yamepangwa sawasawa, juu pametandikwa mikeka. Wanawake wa Langoni walikuwa wameketi juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, wamevaa mabuibui yao kwa stara zote, nyuso wazi, mchana kweupe, hawana wanalongoja. Katikati, juu ya mto wake, aliketi Bi Mwanamkisi.

Wazir akauliza mawe yake yako wapi. Sauti yake haikuwa na ile adabu.

Raihana hakuinuka. Alijua kwamba neno moja la yule mtu kwa vibarua lingetosha, na kwamba wao hawakuwa na hati wala askari. Lakini alikuwa amechoka kusimama mbele ya watu waliokaa, na leo yeye ndiye aliyekaa.

"Mawe yako ni haya," akasema. "Hatukuyatia saruji hata chembe. Ni yako, yatwae yote yeo. Ila mwinue mamako kwanda."

Vibarua wakamtazama Wazir. Wazir akamtazama mamake. Alisogea hatua moja, na watu wote wakadhani anakwenda kuzungumza naye, apate kumshawishi kwa upole kama alivyozoea. Akainama, akambusu mkono, akabaki ameinama.

Bi Mwanamkisi akahamisha tambuu toka shavu moja hadi la pili.

"Siondoki, Wazir," akasema. "Na usisimame hapo, waniziba upepo."

Wazir akasogea.