Dada Spana Hakufa

Juzi niligombana na watu nisiowajua, na mpaka leo sijaomba radhi. Sitaomba. Ni kundi la simu la wapenzi wa ile tamthilia ya zamani ya chombo cha angani, wengi wao vijana walioitazama yote kwa Kiingereza kwenye kompyuta. Binti yangu ndiye aliyeniingiza, maana hunisikia nikiisimulia kila ninapokaa kwenye cherehani yangu hapa Geita. Siku hiyo walikuwa wanasifia uandishi. Mmoja akasema sehemu bora kuliko zote ni pale nahodha anapomwacha fundi wake shimoni ili awaokoe wengine saba, eti hapo ndipo mwandishi alipokomaa. Nikaandika kwamba fundi yule hakuachwa, alitolewa. Walinicheka siku nzima.

Ngoja nikueleze wewe, huenda utanielewa.

Tamthilia hiyo niliiona Masumbwe, kwenye banda la video la jirani yetu, Jumapili mchana baada ya misa. Lilikuwa banda la mabati lenye kuta za magunia, na jenereta lilinguruma nyuma. Hukwenda kabla hujachota maji na kuwafunga ndama. Bibi alinifungia matobolwa kwenye ncha ya kanga, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, vigumu kiasi kwamba kipande kimoja kilikutosha nusu ya mchezo. Ndani palinuka petroli, jasho na karanga za kuchemsha. Watoto tulikaa chini mbele, wachimbaji wakakaa kwenye benchi nyuma, wengine na tope la machimbo miguuni, kwa kuwa shimo halijui Jumapili.

Kiingereza tulimwachia mtafsiri. Alikaa pembeni ya televisheni na maikrofoni yake, akapunguza sauti, akatuambia nani kasema nini. Majina yao halisi siyajui hadi leo. Roboti alikuwa Mzee Bati. Nahodha alikuwa Nahodha tu. Na yule fundi wa injini, mwanamke mfupi, mkali, asiyeogopa mkubwa wala mdogo, mtafsiri alimwita Dada Spana. Nilimpenda kuliko baadhi ya shangazi zangu. Wiki nzima kisimani tulibishana, sisi wasichana tukisema bila yeye chombo kisingeruka hata kimo cha kuku, wavulana wakimtetea Nahodha. Mwalimu wetu alitukuta siku moja akatuambia tunapoteza muda kwa mambo ya uongo. Yeye mwenyewe alikuwa na nafasi yake benchi la pili, hakosi.

Sasa, kabla sijafika kwenye lile shimo la angani, lazima ujue habari za shimo letu. Mwaka mmoja kabla ya sehemu hiyo kuonyeshwa, baba yangu alifukiwa kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, yalikatika, na kifusi kikashuka. Machimbo yetu yalikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mtu akiwa chini, maduara yote yanalala. Hakuna anayechimba dhahabu mpaka atoke, awe mzima au maiti. Watu waliokuwa wakigombea mipaka jana yake walichimba pamoja siku mbili. Akina mama walipoanza kulia, bibi aliwakatalia kabisa. "Hatulii mtu ambaye hatujamwona," alisema, akaendelea kukoroga uji wa mwanawe. Baba alitolewa mzima, vidole viwili vya mkono wa kulia vikabaki huko. Uji alipewa.

Jumapili ile alikuwa nyuma yangu bandani. Kwenye kioo, Dada Spana na wenzake walikuwa wanachimba madini kwenye sayari kavu, na handaki likamwangukia. Hewa ikawa inakwisha. Nahodha akapiga hesabu zake, akasema mmoja hawezi kuwaangamiza saba, akafunga mlango. Mtafsiri alitafsiri hivyo hivyo. Chombo kikaanza kuunguruma.

"Yaya," alisema baba.

Ni hapana ya Kisukuma, na hakuisema kwa sauti kubwa. Baba hakuwa msemaji. Lakini alisimama, na wachimbaji wote wakasimama pamoja naye.

"Wanaondokaje mtu yuko chini?" aliuliza. "Huyo Nahodha kamwona amekufa?"

Mwenye banda akakimbilia kuikinga televisheni yake. Mimi sikuangalia kioo tena, nilimwangalia baba, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba angeweza kuwa bado kule chini. Niliogopa kweli.

Mtafsiri aligeuka akawatazama wachimbaji. Kwenye kioo Nahodha alikuwa dirishani, machozi yanamtoka.

"Kaeni, wazee wangu," akasema kwenye maikrofoni. "Mlango ulifungwa wakiwa wameshamtoa. Mnaona anavyolia? Hiyo ni furaha. Dada Spana yuko chumba cha nyuma, anapewa uji."

Baba akakaa. Benchi zima likakaa.

Kuanzia hapo Dada Spana hakuonekana tena, ila kila Jumapili mtafsiri alitupa habari zake. Injini ikilia, alituambia ndiye huyo, yuko kazini. Watoto tulimpigia makofi mtu asiyeonekana. Sasa ninapokumbuka, nadhani watu wazima wote walijua, mwalimu pamoja nao, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Kundini wameniomba ushahidi. Niliwajibu kwamba hata mwandishi wao hakuonyesha maiti, na kwetu hatulii mtu ambaye hatujamwona. Wakasema huo si ushahidi, nilete kipande cha video. Nitakitoa wapi? Nilipopita Masumbwe mwezi uliopita, nilikuta banda limekuwa duka la vipodozi. Mtafsiri alishafariki, na maneno yake hayakurekodiwa popote. Bibi hayupo. Baba naye tulimzika mwaka juzi, alikufa uzeeni, kitandani kwake, sote tukiwa tumemzunguka. Nimebaki na maneno tu, na vijana hawa wananiambia maneno yangu ni ya uongo kwa sababu hayako kwenye kompyuta yao.

Basi nikatafuta kwenye simu, nikawatumia picha ya harusi yangu. Baba amesimama kando yangu, koti limempwaya, amenishika mkono kwa ule mkono wake wa vidole vitatu. Chini yake nikaandika: Nahodha wenu angemwacha huyu.