Meneja wa sabuni anayetaka kusoma akiwa macho

Kengele ya zamu ya asubuhi inalia, na Violet Nekesa tayari amesimama kando ya mashine ya kukata. Mbele yake kuna mche wa sabuni ambao bado una joto. Zamani angeubonyeza yeye. Leo anarudi nyuma hatua moja na kumwachia nafasi msaidizi wake, Laban Luseno.

Luseno anabonyeza kwa kidole gumba, ananusa, anasita. Vibarua wanamtazama kama watu wanaosubiri penalti.

"Bado," anasema mwishowe. "Imetolewa mapema."

"Mtu akiifulia?"

"Itaisha kabla hajafika kwenye kola."

Bi Nekesa anatabasamu na kuagiza sabuni irudishwe tangini. Amebakisha wiki chache tu katika kiwanda hiki kidogo cha Eneo la Viwanda, Nairobi, na anataka kuondoka akijua kidole cha Luseno kinaaminika.

Ana umri wa miaka 41, na ndiye meneja wa uzalishaji, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho hapa. Aliingia akiwa na miaka ishirini, kibarua wa kupanga sabuni kwenye katoni kwa Sh180 kwa siku. Kiti hicho ndicho alichokubali kukiacha, na namna alivyofikia uamuzi huo bado inawachekesha watu wa Njiru, anakoishi.

Mapema mwaka huu, chuo kikuu kimoja jijini kilimkubali kusomea MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Kikamtaka achague njia moja kati ya mbili. Kuna ya kutwa, inayosomwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa zaidi ya mwaka mmoja, bila kazi nyingine. Na kuna ya walio kazini, Ijumaa jioni na Jumamosi nzima, kwa miaka miwili.

Mwajiri wake alikuwa radhi kulipa nusu ya karo, lakini kwa ile ya walio kazini peke yake. Kwa ile ya kutwa, chuo chenyewe kilimpa ufadhili wa nusu, ila mkurugenzi wa kiwanda alimweleza waziwazi kwamba kiti hakitamngoja.

Kwa mtu yeyote mwenye akili zake, jambo lilikuwa limekwisha. Luseno alimwambia hivyo hivyo. Mumewe, Owen Mukhwana, fundi wa makochi kando ya Barabara ya Kangundo, alisema atamuunga mkono kwa lolote, kisha akaanza kupiga hesabu ya karo kwa vidole.

Lakini Bi Nekesa alikuwa na hamu moja ambayo aliona haya kuitaja. Diploma aliisoma jioni. Digrii nayo aliisoma jioni. Kwa miaka saba alitoka zamu, akashuka kituo cha matatu cha Muthurwa, akatembea hadi darasani katikati ya mji huku nguo zikinuka sabuni.

"Nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, ili kichwa kipate pa kuegemea," anasimulia. "Kuna somo la takwimu nilipata B, na mpaka leo sijui mwalimu wake alikuwa na sura gani. Nilitaka mara moja tu maishani niingie darasani mchana, nikiwa nimelala usiku, nimekunywa chai, niulize swali."

Pamoja na hamu hiyo kulikuwa na hofu. Alilelewa mtaa wa Maringo, na alikuwa msichana mdogo baba yake alipopunguzwa kazi. Kwa miezi kadhaa mzee huyo aliendelea kuamka, kupiga viatu rangi na kutoka nyumbani kila asubuhi, ili majirani wasijue. Binti yake alikua akiiogopa siku moja tu: siku ambayo yeye mwenyewe angeonekana nyumbani katikati ya wiki, hana pa kwenda.

Aprili, alipopata likizo ya wiki tatu, akaamua kujipima. Ataishi kama mwanafunzi wa kutwa. Ataamka, atavaa, ataketi mezani sebuleni na vitabu vya kuazima hadi jioni, aone kama roho itatulia. Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe na watoto.

Kosa lake lilikuwa kuweka meza karibu na dirisha.

Njiru, mtu mzima akionekana nyumbani Jumanne saa tano asubuhi, naye si mgonjwa wala hajafiwa, mtaa una jibu moja tu: amefutwa kazi. Jumatano, mwenye kioski alimwongezea nyanya mbili bila kuombwa. Alhamisi, jirani ambaye huwa hasalimii alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kukawia kuuachia. Bi Nekesa, kichwa kikiwa vitabuni, aliona tu kwamba watu wamekuwa wapole.

Jumamosi alasiri, mlango ukabishwa. Nje walisimama akina mama wa kanisa lao, chama kizima, wakiongozwa na Teresiah Nyawira, ambaye wote humwita Mama Shiru. Walibeba unga, sukari, mafuta ya kupikia na sufuria ya chapati iliyofunikwa kwa leso. Nyuso zao zilikuwa za matanga.

"Mama Ivy, hatujakuja kuuliza maswali," Mama Shiru alisema kabla hata ya kuketi. Ivy ni kifungua mimba wa Bi Nekesa. "Tumekuja kukaa na wewe."

Wakaketi, wakaimba. Mama mmoja aitwaye Kathini, muuzaji wa shuka za mitumba Muthurwa, aliongoza sala ndefu iliyomkabidhi Mungu yule mwajiri asiye na huruma. Bi Nekesa alijaribu kukatiza mara mbili, lakini sala haikatizwi. Kathini alipofika amina, alimpa nafasi ya kazi kwenye kibanda chake, kuanzia Jumatatu. Shuka zinatoka vizuri msimu wa baridi, alimhakikishia.

Hapo Bi Nekesa akawaeleza ukweli wote, wa chuo, wa likizo na wa njia mbili. Mama Shiru aliutazama unga, akavitazama vitabu mezani, kisha akamtazama yeye.

"Kwa hivyo hujafutwa," alisema polepole. "Unafikiria kujifuta mwenyewe."

"Ndiyo. Lakini bado naogopa."

"Unaogopa nini sasa, na pole tumeshaleta?"

Nyumba ikaangua kicheko. Kathini alitaka kujua kama anaweza kuiondoa ile sala juu ya mkurugenzi, akaambiwa aiache tu, haitamdhuru. Bi Nekesa alipowasihi wachukue vitu vyao, alikemewa. Kilicholetwa nyumba ya mtu kwa pole hakirudi na aliyekileta. Chapati zikaliwa zote.

Jioni hiyo, akiosha vikombe, alijikuta akicheka peke yake.

"Ile siku niliyoiogopa tangu utotoni ilikuwa imefika sebuleni kwangu," anasema. "Imebisha hodi, imeimba, imeomba, imeleta chapati. Nikajiuliza, kumbe ni hiyo tu? Baba angeketi tu nyumbani, pengine wangemletea na yeye."

Jumatatu alikatiza likizo, akaenda kumwambia mkurugenzi kwamba amechagua ya kutwa. Aliyeumia zaidi ni Luseno. Alimkumbusha mafunzo yake mwenyewe: kitolewacho tangini mapema hakidumu. Bi Nekesa akamjibu kwamba yeye amekaa kwenye tangi hilo miaka ishirini na moja. Kama hajaiva sasa, moto wenyewe una kasoro.

Hajidanganyi kwamba itakuwa rahisi. Ujenzi wa chumba cha nyuma ya nyumba yao umesimama, Owen amechukua kazi ya kushona viti vya basi, na hakuna aliyeahidi ajira mwishoni. Akihitimu, anataka kuanzisha kiwanda kidogo cha sabuni ya maji hapo Njiru, na kibarua wake wa kwanza asilipwe kwa siku.

Masomo yanaanza Septemba. Kati ya unga ulioletwa siku ile, imebaki pakiti moja kwenye kabati, na amekataza isiguswe. Owen humwonya kwamba wadudu wa humo watapata MBA kabla yake.

"Wasome tu, mimi nawafuata," anasema, akinawa mikono kwenye bomba la kiwanda. "Siku ya kwanza nitapika uji wa unga huo. Nitaunywa jua likiwa limeshawaka, bila haraka. Halafu niende nikakae mstari wa mbele, nimwone mwalimu uso."