Mtunzi Hajulikani

Kalamu niliishika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Chini ya karatasi ya nota niliandika "Mtunzi: hajulikani", nikatoa nakala, nikawagawia wanakwaya. Wimbo wenyewe niliusikia kwenye simu ya dereva wa lori hapa Tunduma, kwaya ya ng'ambo ya mpaka ikiimba Kinamwanga. Mimi Mnyiha wa Igamba. Maneno sikuyaelewa, ila sauti ziliniingia. Nikatia maneno yangu ya Kiswahili, ya bibi harusi kuingia kanisani, na tangu hapo kila harusi wanautaka.

Ikafika zamu ya binti yangu. Tangu kipaimara alikuwa akisema ataingia kwa wimbo huo. Wiki ya harusi mchungaji akaniita. Ibada itarushwa mtandaoni, akasema, na wimbo usiomo kitabuni unahitaji ruhusa ya mwenye nao.

"Mtunzi ni nani, mwalimu?"

Nikaahidi kumtafuta.

Mazoezini nikawauliza wanakwaya. Mama mmoja wa sauti ya pili, Mnamwanga, akajibu bila hata kuinua macho, "Si yule mama anayeuza mchele Nakonde. Nilidhani mlishaongea."

Kesho yake nilivuka mpaka hadi Nakonde. Nilimkuta akipepeta mchele. Nikajieleza, nikamwonyesha video ya harusi moja. Aliitazama mpaka mwisho, ungo magotini.

"Huu nilimtungia mwanangu tulipomzika," akasema. "Nyie mnaucheza harusini?"

Niliona aibu, aibu hasa. Nikaomba radhi. Halafu, uso mkavu, nikaomba na ruhusa: ni binti yangu, mama, Jumamosi hii tu.

"Harusini hapana, baba." Akarudia kupepeta. "Siku nikifa, njooni mniimbie. Kwa maneno yangu." Akachukua namba yangu ya simu.

Binti yangu alilia, akaninunia. Jumamosi aliingia kwa wimbo wa kitabuni ambao hata watoto wanaujua. Alipita mbele yangu nikiongoza kwaya, hakunitazama.

Siku hizi yule mama wa sauti ya pili ananifundisha Kinamwanga cha wimbo ule, mstari mmoja mmoja. Ulimi wangu mzito, nakasirika, naanza upya. Simu ikiita kwa namba ya ng'ambo nashtuka, maana maneno yake bado sijayashika.