Kibao cha Kifaransa

Binti yangu alirudi kutoka shuleni na kibao shingoni, kimefungwa kwa kamba, akaketi mezani bila kunisalimia. Nilipomuuliza ana nini, alikigusa kwa kidole tu.

Shuleni kwao, hapa Butembo, Kifaransa hufundishwa kwa mchezo. Darasa limegawanywa vikundi, na pointi za kila kikundi zinaandikwa ubaoni. Mtoto akinaswa akisema Kiswahili au Kinande anavikwa kibao, na kikundi chake kinapoteza pointi kila siku anayorudi nacho nyumbani. Akitaka kukivua, sharti amnase mwenzake. Lakini nani atafungua mdomo karibu na mwenye kibao? Wa kikundi chake walimnunia, wengine wakamkimbia. Hata nyumbani alinyamaza, maana mtoto wa jirani yuko kikundi kingine na angemshtaki kwa mwalimu, kuta zetu ni za mbao. Mama yangu, asiyejua Kifaransa hata cha kuombea maji, alimsemesha kwa Kinande mpaka akachoka. Nilikichukia kipande kile cha mti.

Nikaenda kwa mwalimu, kijana mpole aliyetumwa huku kutoka Kisangani.

"Mama, ni jeu tu, muchezo," akaniambia. "Angalia vile batoto banaendelea mu Français."

Na kweli walikuwa wanaendelea, hapo ndipo aliponiweza. Ningemhamishia wapi? Shule za jirani nazo zina vibao vyao, na mtihani wa serikali ni Kifaransa kitupu. Mimi mwenyewe Kifaransa kilinishinda, ndiyo maana nashona nguo za watu. Nikamshukuru, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Wiki iliyofuata binti yangu aliingia mbio, shingo tupu, anaongea tangu mlangoni. Nilifurahi, nikampakulia ugali. Nikamuuliza amemnasa nani.

"Ule mutoto wa Beni."

Nilimjua. Aliletwa kutoka upande wa Beni kwa shangazi yake baada ya kijiji chao kushambuliwa, na wazazi wake hawajulikani walipo.

"Lakini ule hasemake na mutu," nikasema. "Ulimunasa namna gani?"

"Alikuwa analia nyuma ya darasa. Nikaikala pembeni yake, nikangoja. Akaita mama yake mu Swahili. Nikaita mwalimu." Akanisogezea sahani. "Sasa kikundi yetu iko ya kwanza."

Nilitaka kumchapa, nilitaka kumkumbatia. Nikampakulia ugali tena, na furaha ya kuiona shingo ile tupu ilikataa kunitoka.